Nafasi ya Watu Wawili

Maître Byamungu, maana mawakili kwetu tunawaita Maître, alifariki Jumanne asubuhi, na habari ilinikuta sokoni nikibishana bei ya viazi vya Kibumba. Aliyenipigia simu ni binti yake. Nilimpa pole, nikauliza matanga yatakuwa wapi, nikamaliza kununua viazi vyangu, nikaenda nyumbani kuvimenya. Sikulia. Watoto wangu walinitazama wakisubiri, kisha wakaacha kusubiri, maana wananijua. Machozi yalinikauka nikiwa bado msichana, na sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutafuta huruma. Kuna watu hawawezi kuimba, mimi siwezi hilo. Mzee huyu ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza, ndiye aliyenifundisha sheria kabla sijakanyaga chuo kikuu, na ofisi ninayofanyia kazi hadi leo ilikuwa yake. Nilijua kwamba nimefiwa. Nilijua hivyo kama nilivyojua kwamba kesho yake ni Jumatano, basi.

Nyumbani kwake Keshero walikuwa wamefunga turubai kubwa juu ya ua na kupanga viti vya plastiki kwa mistari. Mawakili wenzangu walikuwepo wote tangu asubuhi, maana hapakuwa na pengine pa kwenda: tangu vita viingie mjini mahakama haifanyi kazi, benki zimefungwa, na siku hizi mteja akija huwa amekuja kuuliza tu kama kuna habari. Nilikaa katikati ya mstari, nikapewa chai. Sasa, kuna jambo moja la matanga ya kwetu. Mtu akiinuka, hata kama anakwenda kujisaidia tu, waliobaki kwenye mstari husogea kiti kimoja, ili anayefika apate cha pembeni bila kupita juu ya magoti ya watu. Hakuna anayeamuru, makalio yenyewe yanajua. Aliyeinuka akirudi hukuta nafasi yake imekaliwa na jirani, na ya jirani imekaliwa na jirani wa jirani, wala hawezi kumshika mtu mmoja na kumwambia wewe ndiye mwizi wa kiti changu. Hucheka, akaenda pembeni. Nilikaa pale mikono mapajani nikiutazama mstari ukisogea, na mwaka ule wa mawe ukanijia wote.

Mwaka ule mlima wa volkano ulikuwa umeteremsha moto mpaka ziwani na kuukata mji wetu wa Goma vipande viwili. Moto ulipopoa ukawa mawe meusi, marefu kumzidi mtu, juu ya mitaa tuliyokuwa tukiishi. Kaka yangu Faustin alikuwa amepanga chumba mjini. Siku ile hakuna aliyemwona, si kwenye njia ya Gisenyi, si ya Sake, si kambini, na baada ya miezi tukaacha kuuliza. Hapakuwa na mwili wala kaburi, wala hata mahali pa kuelekeza kidole, kwa sababu chumba chake nilikijua kwa kona ya duka la mikate, na kona yenyewe haikuwepo tena. Nilikuwa nimetoka kupata diploma yangu ya shule. Nilikula nilipopewa, nililala nilipoambiwa. Watu walisema Odette ana moyo mgumu, lakini moyo haukuwa mgumu, ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu na sasa unaugusa na huusikii kama ni wako. Ndipo mtu mmoja wa parokia akasema kuna wakili anatafuta msichana anayejua kupiga mashini ya kuandikia kwa vidole vyote.

Maître Byamungu alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mfupi, mwenye tai moja ya rangi ya kahawia na viatu ambavyo kimoja kilikuwa kimeyeyuka soli siku alipokatisha juu ya mawe kabla hayajapoa. Hakuniuliza diploma wala barua ya padri. "Unaogopaka batu benye kulia?" aliniuliza. Nikasema hapana. "Na weye mwenyewe, unaliaka?" Nikasema hapana. Alinitazama kidogo juu ya miwani. "Bien. Kaa pale kwa mashini." Hakuwa wakili wa wezi wala wa ndoa zilizovunjika, wauaji aliwaita wateja wa watu wengine. Yeye alikuwa wa biashara, wa viwanja, na zaidi ya yote wa watu waliofilisika. Mwaka ule, kwa hiyo, nusu ya mji ilikuwa ya kwake.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mbele, dirisha lake likitazama barabara, na nje kibao kikisema wazi kazi ya mwenyewe. Kibao hicho ndicho kilichokuwa tatizo. Ungedhani baada ya moto ule aibu nayo ingekuwa imeungua, wapi! Maghala yalikuwa yameteketea mbele ya macho ya kila mtu, lakini mfanyabiashara wa Goma hakuthubutu kuonekana akiingia mchana mlango wa wakili wa kufilisika. Akionekana asubuhi, jioni wanajua mpaka Bunagana, na hakuna tena atakayempa hata gunia la chumvi kwa kuaminiana. Kwa hiyo walipita jikoni. Nyuma ya ofisi, ukuta mmoja wa mbao katikati, Mama Immaculée alikuwa na resto yake ndogo: meza zenye vitambaa vya plastiki, moto wa makaa, na nyuma ya magunia ya makaa mlango mwembamba unaotokea kwetu. Mtu alikuja kama anayekuja kula. Mama Immaculée aliniambia huwatambua mara moja: mwenye kuja kula huangalia sufuria, mwenye kuja kwa Maître huangalia mlango. Na hakumruhusu yeyote kupita kabla hajamaliza sahani. "Mutu mwenye njaa anasaini kila kitu," alisema. Maître mwenyewe alikubali sheria hiyo, akasema haimo katika kitabu chochote lakini ingefaa iwemo.

Hivyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Kupitia ukuta wa mbao nilisikia vijiko, nikasikia wanaume wazima wakisifu sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sauti ya kupita kiasi ili mlaji wa meza ya jirani asishuku, kisha mlango ukilia, kisha mtu yuleyule, sasa mbele ya meza ya Maître, sauti imemshuka hadi tumboni. Hawana mbele wala nyuma, na bado wamefunga tai. Maître alinikataza kuwatazama usoni. "Mutu mwenye kufilisika haiko mugonjwa, Odette. Andika tu." Mchana tulikula walichobakiza wateja: maharagi na viazi, na siku nzuri sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa hadi wakavunjika kama majani makavu, ambao Maître aliwala kwa vidole akiwa ameweka dossier za wateja mbali ili mafuta yasiziguse. Nilikula sikusikia ladha. Mama Immaculée aliona, akawa ananitilia pilipili zaidi kila siku, akitafuta kipimo kitakachonigusa. Hakukipata, lakini hakuacha kuongeza.

Yeye pia mawe yalikuwa yamemchukulia mtu, na habari ya Faustin alikuwa ameisikia. Mume wake, Thaddée, alikuwa fundi wa kushona. Siku ya moto alikuwa amekwisha kuwatoa mke na watoto, wako barabarani na magodoro kichwani, akasema narudi kuchukua mashini, bila mashini tutakula nini. Hakurudi. Mama Immaculée alikwenda na watoto kwa dada yake Bunagana, akakaa huko miezi, na aliporudi kutafuta kiwanja chake hakukuwa na kiwanja. Katika kila mtaa uliokuwa umefunikwa, watu walirudi mmojammoja, wakavunja mawe, wakasawazisha, wakajenga kuta juu ya pale walipokadiria kuwa ndipo pao. Miyenzi, ile mimea ya ua iliyotenganisha viwanja, ilikuwa imeungua. Walipimana kwa jirani: mimi nilikuwa baada ya fulani, na fulani baada ya fulani. Wakapangana kwa utaratibu uleule wa zamani, ila penye mtu ambaye hajarudi hawakuacha pengo. Mstari ulisogea. Huyu alichukua hatua chache za yule, yule akachukua za mwingine, na mwisho wa mambo kila mtu alikuwa na kiwanja isipokuwa aliyekuwa Bunagana.

Papa Gakuru aliingia jikoni siku ya mvua. Kila mtu alimjua. Malori yake ndiyo yaliyokuwa yakileta unga na mafuta kutoka mpakani, na ghala lake lilikuwa limeungua likiwa limejaa mali alizokopeshwa kwa kuaminiana. Kabla ya moto, yeye na Mama Immaculée walikuwa majirani, miyenzi tu katikati, watoto wao wakaugua surua wiki moja. Ukuta mpya wa Papa Gakuru ndio uliokuwa umesimama mahali ambapo Mama Immaculée alidhani ni kwake. Hawakuwa wamesalimiana tangu mama huyo arudi. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango mwembamba na birika la chai, nikamwona akiangalia mlango, si sufuria.

"Kaa, Papa Gakuru. Kula."

"Sina njaa, Mama Immaculée."

"Hapa hapana mwenye anapita bila kula."

Akakaa. Alimletea bugali, sombe, sambaza, na maji ya kunawa. Alinawa mikono kwa muda mrefu mno. Mvua ilipiga mabati, na kupitia mlango wa resto tuliona mvuke ukipanda kutoka kwenye mawe ng'ambo ya barabara, maana ndani bado yalikuwa na joto, na kila iliponyesha mji ulitoka moshi kama uji.

"Mama Immaculée, ule ukuta..."

"Kula kwanza."

"Nilirudi nikakuta jirani ya chini amesogea kwangu. Miye nikasogea kwako. Batu balisema ninyi mutabakiaka Bunagana, hamurudi. Sikuiba."

"Sikusema umeiba. Kila mutu alisogea kidogo. Bugali inapoa."

Akala. Alikula akilia, machozi yakimdondokea kwenye sombe, na Mama Immaculée alikaa mbele yake mpaka sahani ikaisha, kisha akainuka mwenyewe akamfungulia mlango. Nilimwonea wivu Papa Gakuru kwa machozi yale. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokihisi wiki ile.

Maneno yake kwa Maître hayakuwa mengi. Wadai walikuwa wamechoka. Wakienda mahakamani atafungwa, na kilichobaki mkononi mwake ni kiwanja kile tu, kile chenye ukuta, kilicho kando ya barabara nzuri. Mnunuzi alikuwepo, mzee mmoja wa ng'ombe za Masisi aliyetaka kujenga ghala la ghorofa. Bei ingewatosha wadai, na yeye angebakiwa na kidogo cha kuanzia, hata kibanda cha chumvi. "Shida hapana," alisema Papa Gakuru, "ila ni kwamba anataka fondation ya nguvu. Atavunja mawe yote mpaka chini, mpaka anafika ku udongo ya zamani." Upande wa pili wa ukuta wa mbao, kijiko kilichokuwa kikikoroga maharagi kilisimama.

Papa Gakuru alipoondoka, mlango mwembamba ukafunguka, akaingia Mama Immaculée. Tangu nianze kazi hakuwahi kuuvuka. Alikuwa na kitambaa chake cha jikoni kiunoni, akasimama penye zulia kama anayeogopa kulichafua.

"Maître, nimesikia banasema batachimba."

"Umesikia vizuri, mama. Sasa sikia na miye. Niko avoka ya Gakuru, siwezi kuwa avoka yako mu ile affaire. Mais naweza kukutafutia mwenzangu. Atashitaki mustari yote, jirani moya-moya. Itachukua miaka, pengine utapata parcelle, kiwanja yako."

"Sitaki parcelle."

"Unataka nini?"

"Bajenge. Hata étage kumi, bajenge. Lakini basimuchimbe Thaddée."

Maître alivua miwani, akaifuta kwa tai. Mimi nilikuwa nimeweka vidole juu ya mashini bila kuandika, nikamwona yule mama akitazama vidole vyangu, kisha uso wangu, kisha vidole tena. Sikujua ananitazamia nini. Alipotoka, Maître aliniambia nimletee kitabu cha sheria za ardhi, akakisoma mpaka chai yake ikapoa, na mara moja tu alisema kwa sauti, kama anayezungumza na kitabu, kwamba udongo wote wa nchi hii ni wa Serikali, sisi tunakaa juu tu, na hakuna mahali walipoandika waliokaa chini ni wa nani.

Kesho yake alinieleza alichokipata, maana alipenda kueleza. Kuna kitu kinaitwa servitude. Ni mzigo anaobebeshwa si mtu bali kiwanja chenyewe: kwa mfano kumwachia jirani njia, au kutojenga pembeni fulani. Kiwanja kikiuzwa, mzigo unakwenda nacho; mwenyewe akifa, mzigo haufi. Ukiandikwa katika mauzo kwamba sehemu fulani haitachimbwa wala kujengwa milele, basi haitachimbwa. Ila kiwanja chenye mzigo bei yake hushuka, na kitakachoshuka ni kile kidogo ambacho Papa Gakuru alitarajia kubakiwa nacho. "Kwa hiyo hapana miye nitaamua," alisema Maître. "Client yangu ni Gakuru. Nikimuficha, niko mwizi. Nikimulazimisha, niko mwizi pia." Akamwita tena. Papa Gakuru akapita jikoni, akala, akaingia. Maître alimweleza yote bila kutia chumvi wala sukari: una haki ya kukataa, na ukikataa nitaandika mauzo ya kawaida leo hii. Papa Gakuru alikaa akitazama kofia yake. Nilisikia mkaa ukipasuka jikoni. Kisha akasema neno moja, "Andika," akatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kila mtu akamwona.

Tulikwenda kwenye mawe sote: Maître na kiatu chake kilichoyeyuka, Papa Gakuru, mnunuzi na fimbo yake, Mama Immaculée, na mimi na ndoo ya chokaa. Ukuta ulikuwa wa mawe yaleyale meusi, yamepangwa bila saruji. Mnunuzi alitangulia kulalamika. Alikuwa amekubali mzigo, lakini nyuma, karibu na choo. Si mbele, mbele ndiko kutakuwa mlango wa ghala. "Maître, hata weye mwenyewe, nani anaweka makaburi ku mulango ya magasin?" Maître akamwambia asubiri mwenyewe aonyeshe. Mama Immaculée alivua viatu. Akatembea peku juu ya yale mawe makali, polepole, akisimama, akigeuka, akiutazama mlima, akilitazama ziwa, akirudi nyuma kidogo. Watu wa mtaa walisimama juu ya kuta zao kutazama, na hakuna aliyebisha, maana kila mmoja alikuwa amesimama kwa mwenzake na alijua. Mwishowe alisimama pembeni kabisa mwa barabara.

"Hapa."

"Kona!" alisema mnunuzi. "Kona kabisa!"

"Ukubwa gani, mama?" aliuliza Maître.

"Ya batu bawili. Balale bila kubanana."

Mnunuzi alielewa kama nilivyoelewa mimi na kama walivyoelewa wote: mjane anataka kulala kando ya mume wake. Alivua kofia, akaishika kifuani, akasema, "Haya, mama." Maître akamgeukia Papa Gakuru, akamwuliza kama jirani wa zamani, je, nyumba ya Thaddée ilikuwa hapa? Papa Gakuru aliangalia mawe, yaliyofanana mbele na nyuma, kulia na kushoto. "Njo hapa," alisema, yaani ndipo penyewe. "Ninashuhudia." Nikamwaga chokaa. Mstari mweupe ulikauka mara tu ulipogusa jiwe.

Niliandika hati ile mwenyewe. Maître alinisomea ya kuandika akiwa amesimama dirishani, akinipa mgongo, neno kwa neno, na alipofika kwenye kipande cha ukubwa alisita. "Umeandika bawili?" Nikasema ndiyo, nafasi ya watu wawili. "Rudia kuandika, iandike wazi kabisa, mutu asikuye kubishana." Nikaandika tena. Niliona ni ukali wa wakili tu. Wadai walikutana kwa Mama Immaculée, safari hii kwenye meza za mbele, wakala maharagi yake, wakanung'unika, wakasaini. Papa Gakuru hakubakiwa na kitu. Alirudi kijijini kwao upande wa Rutshuru, na nilisikia baadaye kwamba alikuwa akiuza vitunguu, na kwamba watu walimpa kwa kuaminiana. Mwaka ukaisha. Maître akanilipia masomo ya sheria, bila hotuba, kama anayelipia makaa. Niliondoka na ganzi yangu, nikarudi nayo na shahada juu yake.

Ghala lipo hadi leo, ghorofa zake tatu, na mlango wake umepinda kwa ajabu kuikwepa kona. Wageni hudhani fundi alikuwa mlevi. Kwenye kona kuna jiwe jeusi tupu ambalo halijawahi kuguswa, na katika ufa wake Mama Immaculée alichomeka kijiti cha miyenzi, kikakubali, sasa ni mti wa kutoa kivuli. Waendesha pikipiki hupumzika hapo wakisubiri abiria. Watoto wa yule mnunuzi walikuja ofisini mara nyingi kuomba mzigo ufutwe, wakatoa na bei, na kila mara Maître aliwapa chai na jibu lilelile: si wetu kuufuta. Mimi nilipita pale karibu kila siku ya maisha yangu. Nilitazama mlango ulivyopinda, nikajivunia kidogo kazi ya ofisi yetu, nikaendelea na safari.

Basi, kwenye matanga, mtu wa kushoto kwangu aliinuka, na kabla mstari haujasogea mkono wa mzee ukashika kiti chake. Mama Immaculée. Amekula chumvi nyingi sasa, mgongo umepinda, lakini aliketi kama mwenye resto. Aliuliza watoto, niliuliza magoti. Kisha, akitazama mbele kwenye picha ya Maître iliyowekwa juu ya meza na kitambaa cheupe, akasema:

"Weye haukuniulizaka hata siku moya juu ya nini nilisema bawili."

"Nilijua, mama. Weye na Papa Thaddée."

Alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Miye? Banizike mu mawe? Miye niko na shamba Kibumba, udongo muzuri, kila kitu inaota. Batanizika kule." Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Ile nafasi ingine ni ya Faustin."

Niliweka kikombe cha chai chini ya kiti.

"Ulikuwa mutoto, unakula pilipili kama maji, haulie. Nikasema, huyu hana hata pahali ya kusimama. Maître aliniuliza ya pili ni ya nani, siku ileile, mu njia ya kurudi. Nikamwambia. Akasema, basi usimuambie, mpaka atauliza mwenyewe." Alishusha pumzi. "Tukangoja. Maître amekwenda, nikaona miye pia niko mbioni."

"Mama," nilisema, "pale njo ilikuwa nyumba yenu kweli?"

"Nani anajua? Nilisimama pahali jiwe haikuniunguza sana." Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Gakuru alijua kama sijui. Alisema njo hapa. Ikakuwa hapa."

Mtu wa pembeni aliinuka, na mstari ukaanza kusogea kuelekea kwetu, kiti baada ya kiti, na yule dada aliyekuwa kulia kwangu akanigusa bega ili nami nisogee. Sikuweza. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kumbe ni yangu. Nililia mpaka turubai zima likageuka kutazama. Mawakili wenzangu waliinamisha vichwa. Dada yule akaleta maji, akanipangusa uso kwa kitenge chake, akaniambia pole, pole, alikuwa kama baba yako, tunajua. Nikanywa maji. Nikawaacha waamini kwamba ninamlilia Maître.